Sura ya Sita: Usiku wa Wazee wa Eastlands

Mzee wa Makadara au Kayole akisema kwamba halali usiku, jibu analopewa ni lile lile, liwe limetoka kwa jirani, kwa mwanawe au kwa muuzaji wa duka la dawa: ni uzee. Naye hulikubali, kwa sababu zamani alimjibu mamake hivyo hivyo. Anarudi kitandani, anagaagaa, anangoja kukuche.

Mimi silikubali jibu hilo. Uzee hubadilisha usingizi, hilo ni kweli, lakini hauuondoi. Sehemu kubwa ya usiku mbaya wa wazee wetu inatokana na mambo yanayoshikika: goti linalouma, dawa inayomezwa saa isiyofaa, spika ya baa, kodi ya tarehe tano, kijana ambaye hajarudi. Mengine yana tiba. Mengine hayana tiba, ila yana mtu anayepaswa kuulizwa.

Tuanze na yale ambayo kweli ni ya umri. Usingizi mzito, ule ambao mtu hata akiitwa hasikii, huanza kupungua mapema katika utu uzima, na mtu anapofika miaka 70 huwa umebaki kidogo. Ndiyo maana mzee huzinduka mara tatu au nne kwa usiku mmoja, na mlango wa jirani ukifunguliwa anajua. Saa ya ndani ya mwili nayo husogea: macho huwa mazito mapema jioni na kufunguka mapema alfajiri. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyoendeshwa na jeni ndani ya chembe za mwili. Kinachoirekebisha kila siku ni mwanga, hasa wa jua la asubuhi. Hata hivyo mahitaji ya mwili hayashuki sana. Mtu aliyepita miaka 65 bado anahitaji saa saba hadi nane za usingizi, na anayesema kwamba wazee wanatosheka na saa nne anakosea.

Kuna watafiti wanaoona kwamba hata huko kuamka-amka kuna kazi yake. Mwaka 2017, David Samson na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti waliofanya kwa Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Watu wazima 33 walivaa vifaa vya kupima usingizi mkononi kwa siku 20. Katika zaidi ya saa 200 za usiku zilizopimwa, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wenye umri mkubwa walilala mapema na kuamka mapema, vijana kinyume chake, na kwa tofauti hiyo kambi haikukosa mtu aliye macho. Watafiti wakasema huenda usingizi mwepesi wa babu na nyanya ulikuwa ulinzi wa jamii nzima. Napenda maelezo hayo kwa sababu yanamrudishia mzee heshima yake. Yeyote aliyelelewa na nyanya katika chumba kimoja hapa Nairobi anajua nani aliyejua saa mlango ulipogongwa, nani aliyesikia mtoto akikohoa, na nani aliyenusa jiko likivuta moshi.

Lakini kambi ya Eyasi hushinda juani na hulala gizani. Mtaa wa Pipeline hufanya kinyume. Ghorofa zimebanana hata chumba cha chini huwashwa taa saa sita mchana, na usiku ile taa ya juu ya mlingoti, mulika mwizi, humwaga mwanga dirishani mpaka asubuhi. Sisemi taa hizo zizimwe. Wanaokumbuka giza la kabla yake wanajua ziliokoa nini. Nasema kwamba mzee anayeishi mchana bila jua na usiku bila giza ananyimwa kitu ambacho saa ya mwili wake inategemea kuliko chochote. Tiba yake ya kwanza haigharimu kitu: kiti kitolewe nje asubuhi, akae juani nusu saa au zaidi, anywe chai yake hapo. Pazia la dirishani liwe zito, na kitanda kikigeuzwa kichwa kisielekee mwanga, nusu ya kazi imefanyika.

Kuna jambo jingine ambalo naona madaktari hulipita upesi, nalo ni la kuhesabu tu. Chukua mfano wa shosho wa miaka 74 anayeishi Kariobangi chumba kimoja na wajukuu wawili. Akiulizwa kliniki, mazungumzo huenda hivi:

"Shosho, usiku unalala?"

"Silali, daktari. Saa nane nishaamka, nangoja tu kukuche."

"Na unaingia kitandani saa ngapi?"

"Saa mbili. Sasa nikae nikifanya nini?"

Tangu saa mbili hadi saa nane ni saa sita. Ongeza saa nzima anayosinzia mchana kwenye kiti mlangoni, huyu anakaribia usingizi wa siku nzima. Anachokosa ni mahali pa kukaa jioni. Nje kumeingia giza na si salama, tokeni za stima zinahesabiwa, baridi ya Julai inauma, na katika chumba kile kitanda ndicho kochi, ndicho meza ya kazi za shule, ndicho kiti cha mgeni. Kwa hiyo analala kwa kukosa la kufanya, mwili unamaliza usingizi wake kabla ya jogoo, na saa nne zinazobaki anazitumia kuhesabu shida zake. Saa hizo ndizo zinazomwumiza.

Ipo tiba ya kukosa usingizi isiyo na kidonge hata kimoja, ambayo mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa Marekani, American College of Physicians, kilipendekeza itangulie mbele ya dawa zote. Kwa kifupi inamfundisha mtu apunguze muda wa kukaa kitandani ulingane na usingizi alionao, aamke saa ile ile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, na usingizi ukiruka asibaki amelala akipambana nao, bali aondoke kitandani mpaka macho yawe mazito tena. Inafanya kazi kwa wazee pia. Ila iliandikwa kwa ajili ya watu wenye sebule. Kwa chumba cha Kariobangi yafaa igeuzwe kidogo: kitanda kitandikwe shuka ya mchana na mtu asijilaze juu yake kabla ya saa nne usiku; pawe na kigoda karibu na mlango ambacho ni chake; akizinduka saa nane aketi pale na shali mabegani, redio ikiwa chini, hadi usingizi urudi. Wajukuu wataona ajabu kwa wiki moja, kisha watazoea.

Nyumba hizi hazikujengwa kwa ajili ya kuzeekea. Serikali ya kikoloni iliamini kwamba Mwafrika huja Nairobi kufanya kazi, kisha hurudi kwao, kwa hiyo nyumba nyingi za kwanza za upande huu wa jiji zilikuwa vyumba vya wanaume waliotengana na familia zao. Kaloleni ya miaka ya 1940 ilikuwa kati ya mitaa michache iliyojengwa kwa kufikiria mke na watoto. Baada ya uhuru, Buruburu ilijengwa kwa ajili ya watu wa mishahara, awamu kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, na aliyenunua nyumba pale akiwa na miaka 30 sasa ana 80. Bado tunazungumza kana kwamba mzee mahali pake ni ushago. Wengi hawana ushago. Kuna familia za Pumwani na Majengo ambazo zimezika babu na vitukuu hapa hapa. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi, na idadi yao mjini inaongezeka.

Hebu tuje kwenye mwili. Sababu inayowatoa wazee wengi kitandani ni mkojo. Ujanani mwili hupunguza kutengeneza mkojo usiku. Uzeeni uwezo huo hudhoofu. Miguu iliyovimba mchana ikiinuliwa kitandani, maji yaliyokuwa yamejikusanya vifundoni hurudi kwenye damu na kutafuta njia ya kutoka. Sukari isiyodhibitiwa huleta mkojo mwingi. Tezi dume ikivimba, mwanaume huenda msalani mara tano na hamalizi. Kisha kuna dawa za presha. Baadhi hufanya kazi kwa kutoa maji mwilini, na anayezimeza jioni ameufungulia usiku wake bomba. Nyingine, kama amlodipini, huweza kuvimbisha miguu. Usiache dawa ya presha kwa sababu umesoma haya. Nenda kliniki ukaulize swali moja: hii niimeze asubuhi au jioni? Mara nyingi mabadiliko ya saa tu humrudishia mtu usingizi wa miezi.

Eastlands huongeza uzito wake hapo. Katika ploti nyingi choo kiko nje na ni cha wapangaji wote. Safari ya saa tisa usiku maana yake ni kufungua komeo, kuvuka ua wenye maji ya sabuni, na kumwogopa asiyejulikana. Wanawake wazee wengi huikwepa safari hiyo kwa kuacha kunywa maji tangu mchana, jambo linalowaletea kizunguzungu na kukosa choo. Ndoo yenye kifuniko ndani ya chumba, na tochi karibu na mto, si aibu. Kuvunjika nyonga uani ni msiba ambao wazee wengi hawainuki tena kutoka kwake.

Kukoroma nako kusichukuliwe kama mzaha. Mzee anayekoroma kwa nguvu, kisha akanyamaza kana kwamba pumzi imekatika, kisha akashtuka akitafuta hewa, ana tatizo la njia ya hewa inayojifunga usingizini. Linapandisha presha na kuchosha moyo, naye mwenyewe hulijua kwa uchovu wa mchana tu. Anayelala chumba kimoja naye ndiye shahidi. Aende naye kwa daktari akaeleze.

Kuhusu kelele, sheria iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zinasema kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kelele katika mtaa wa makazi isizidi desibeli 35. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika desibeli 60 hivi. Shirika la Afya Duniani lilishapendekeza mwaka 1999 kwamba ndani ya chumba cha kulala zisizidi 30. Sasa simama Umoja Ijumaa usiku: baa ina spika mbili barabarani, kanisa la mabati liko kwenye kesha, matatu za manyanga zinapita na muziki unaotetemesha vioo, na kabla ya saa kumi na moja alfajiri makanga wameshaanza kupiga kelele stejini. Mzee anaweza kusema ameshazoea. Moyo wake haujazoea. Sauti kubwa hupandisha mapigo na presha hata kwa mtu asiyeamka. Mnamo Novemba 2022 Kaunti ya Nairobi iliamuru vilabu vya usiku vilivyo katikati ya makazi vinyang'anywe leseni. Nenda Umoja au Kayole mwishoni mwa juma usikilize mwenyewe amri hiyo iliishia wapi. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na kifungu cha 57 kinawataja wazee kwa jina na haki yao ya kuishi kwa heshima. Mzee mmoja akipeleka malalamiko anaogopa mwenye baa. Wazee ishirini wa mtaa wakienda na barua moja kwa chifu, kwa mwakilishi wao wa wadi na kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, hali huwa nyingine. Kwa makanisa nimeona maongezi ya upole yakifaulu: mchungaji akiombwa na mama aliyemzidi umri ageuze spika iangalie ndani, ni vigumu akatae.

Maji pia huiba usingizi. Penye mgao, bomba hupiga filimbi saa nane au saa tisa za usiku, na aliye macho ndiye hujaza mitungi. Ni nani huyo? Ni yule yule ambaye familia imeamua kwamba halali hata hivyo.

Kati ya tarehe 27 Machi 2020 na 20 Oktoba 2021 tulikuwa na kafyu ya korona. Baa zikafungwa mapema, matatu zikalala, na Jogoo Road ikawa na kimya ambacho vijana wa leo hawakuwahi kukisikia. Wazee walilala vizuri zaidi? Wengi hawakulala. Walikuwa wakiogopa ugonjwa uliowalenga wao kwanza, watoto walikuwa wamefutwa kazi, na polisi walikuwa wakizunguka mitaani. Hapo ndipo tunafika kwenye sababu ambayo naiona nzito kuliko zote.

Mwaka 2012 jarida la kisayansi la Sleep lilichapisha utafiti mkubwa kuhusu usingizi wa watu wenye miaka 50 na zaidi, zaidi ya watu 40,000, katika nchi nane za Afrika na Asia. Kenya iliwakilishwa na Nairobi, katika vijiji vya mabanda ambavyo kituo cha utafiti cha APHRC kimefuatilia afya ya wakazi wake kwa miaka mingi: Korogocho na Viwandani. Kwa nchi zote pamoja, watu 16.6 kati ya kila 100 walikuwa na matatizo makubwa ya usingizi. Wanawake waliteseka kuliko wanaume, na wasioishi na mwenzi kuliko walio naye. Mambo yaliyofungamana na usiku mbaya kwa nguvu zaidi, karibu kila mahali, yalikuwa ulemavu wa viungo, huzuni nzito na wasiwasi.

Huzuni ya mzee hapa kwetu haijitambulishi. Hasemi ana huzuni. Anasema halali, hana hamu ya chakula, mwili wote unauma. Mjane aliyelala upande mmoja wa kitanda kwa miaka arobaini bado anauacha upande wa pili wazi. Anayepokea Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, tena hucheleweshwa, na kodi haicheleweshwi. Wakazi wa nyumba za zamani za kaunti wanasikia habari za kubomolewa ili zijengwe ghorofa, na hakuna aliyeketi nao kuwaeleza watakwenda wapi. Mtu hawezi kulala fofofo katika nyumba ambayo hajui kama atazeeka ndani yake.

Na kuna kungoja. Mwaka 2017 Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kilitoa ripoti kuhusu vijana wa mtaa waliouawa kwa risasi za polisi. Nyanya wa Mathare, Dandora au Kayole hahitaji kuisoma. Mjukuu wa miaka 19 akichelewa, hulala na sikio mlangoni, na akiingia saa saba bado moyo unamdunda hadi saa tisa. Hakuna chai ya mitishamba inayotuliza hilo. Kijana anayesoma hapa ana uwezo ambao daktari hana: rudi mapema, au piga simu. Simu ya dakika moja, "Shosho, niko salama, lala tu," ni tiba kamili.

Badala yake tunawanunulia vidonge. Klorofeniramini, ambayo wengi wanaijua kama Piriton, ni dawa ya mzio. Kwa sababu inaleta usingizi, duka la dawa huiuza kama dawa ya kulala. Kwa mtu wa miaka 70 huweza kuchanganya akili, kukausha mdomo, kuziba mkojo kwa mwenye tezi dume na kumwangusha akienda msalani. Diazepamu ni mbaya zaidi, maana mwili wa mzee huchukua siku kadhaa kuitoa, na kipimo cha leo hukuta cha juzi bado kipo. Pombe nayo hulaza haraka na kuvunja usingizi usiku wa manane. Chai ya rangi ya saa tatu usiku haina lawama kubwa hivyo, lakini kafeini yake nusu bado iko mwilini baada ya saa tano hivi. Ihamishiwe mchana.

Wapo ambao usiku wenyewe umewaajiri. Mzee aliyestaafu kiwandani sasa ni soja langoni Buruburu. Mama wa miaka 66 hutoka saa kumi alfajiri kwenda Marikiti kununua sukuma wiki za kibanda chake. Hao wana haki ya usingizi wa mchana unaolindwa: pazia limefungwa, televisheni imezimwa, watoto wamepelekwa nje, na asiamshwe kwa ajili ya mgeni.

Wikendi hii ukienda kumwona mzazi wako, usimwulize tu kama ameamka salama. Muulize anaingia kitandani saa ngapi na anatoka saa ngapi, anaamka mara ngapi kwenda haja, anameza dawa gani na saa ngapi, na ni wazo gani linalomjia kwanza akizinduka. Yaandike majibu kwenye karatasi. Akiwa anakata pumzi usingizini, akiwa halali kwa zaidi ya wiki mbili huku hali chakula na hataki watu, au akisema amechoka kuishi, usingoje mwisho wa mwezi. Mpeleke kituo cha afya Jumatatu asubuhi, uingie naye chumbani, na ukiambiwa ni uzee, muombe daktari amchunguze kwanza.